Barua ya wazi: Tunawafunga kwanza, tunawarudisha baadaye, tunalipa mara mbili

Kwa: Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, Kamishna Jenerali wa Magereza, Mkurugenzi wa Mashtaka.

YAH: WAETHIOPIA WANAOKAMATWA WAKIPITA TANZANIA KWENDA AFRIKA KUSINI

Waheshimiwa,

Kila lori linapokamatwa na Waethiopia ndani yake, ubishi unaofuata ni uleule. Wako wanaosema wafungwe wakome. Wako wanaosema waachwe wapite, si hata hawataki kukaa hapa. Sisi tunaoshughulika na kesi hizi mahakamani na magerezani tunasema warudishwe kwao, na warudishwe mapema. Kinachotusumbua ni mpangilio wa sasa: mtu anakamatwa, anashtakiwa, anafungwa, anamaliza kifungo, na hapo ndipo tunaanza kutafuta namna ya kumrudisha. Kazi ya wiki tatu inaanza baada ya mwaka mzima.

Njia yao mnaijua. Wengi ni vijana wa kiume kutoka kusini mwa Ethiopia, hasa maeneo ya Hadiya na Kembata. Wanaingia Kenya kwa Moyale, wanashuka Nairobi, kisha wanapenya njia za panya za Namanga, Tarakea, Holili au Horohoro. Wengine huja kwa mashua hadi fukwe za Tanga na Bagamoyo. Wakishaingia, barabara ni moja: Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, halafu Kasumulu kwenda Malawi au Tunduma kwenda Zambia. Akikamatwa popote katika mstari huo anapelekwa mahakamani kwa kuingia au kuwapo nchini kinyume cha Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Adhabu iliyozoeleka ni faini ya shilingi 500,000 au kifungo. Mtu asiye na simu, viatu wala ndugu mjini hana pa kuitoa laki tano, kwa hiyo kwake faini ni jina jingine la kifungo.

Chukueni kundi la watu 30 waliofungwa mwaka mmoja. Hizo ni siku 10,950 za chakula, maji, kuni, dawa na askari wa zamu. Gharama ya mfungwa mmoja kwa siku mnayo ninyi mezani; izidisheni. Kisha wekeni pembeni yake tiketi 30 za kwenda tu, Dar es Salaam hadi Addis Ababa, safari ya ndege isiyofika saa tatu. Tiketi hizo zitanunuliwa tu, kifungo kiwepo kisiwepo. Huko ndiko kulipa mara mbili tunakokusema.

Januari 2021, pale Chato, Rais Magufuli akiwa na mgeni wake Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alitangaza kuachiwa kwa Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani mwetu. Uwezo rasmi wa magereza yote nchini uliokuwa ukitajwa miaka hiyo ni watu 29,902. Maana yake karibu nafasi sita katika kila mia zilikuwa zimeshikwa na watu ambao kosa lao ni kupita. Msamaha ule ulikuwa wa mara moja. Haukugusa utaratibu uliowajaza mle, na siku ya pili mahakama ziliendelea kama kawaida.

Sasa tuseme kinachokwama, kwa sababu wengi wanadhani ni fedha peke yake. Mara nyingi kinachokwama ni karatasi.

Ili Mwethiopia asiye na pasipoti arudi kwao, ubalozi wake lazima umtambue na umpe hati ya dharura ya kusafiria. Ubalozi hautambui mtu kwa sura. Unatuma majina kwao, yanashuka mkoa, zoni, wereda, hadi kebele, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa, kama mtaa au kijiji kwetu. Kebele ndiyo inayomjua: mtoto wa nani, nyumba ipi, aliondoka lini. Fomu yetu ya mahojiano ikiandika tu "Hosana, Ethiopia", ni sawa na mtu kusema katoka Mbeya na kuishia hapo. Jina linarudi na swali, swali linasubiri ofisa aende tena gerezani, na ofisa anasubiri gari. Hapo miezi miwili imekwenda. Tena mkoa uliokuwa unaitwa wa Kusini, ambao bado unaonekana kwenye mafaili mengi, ulivunjwa Agosti 2023. Hadiya na Kembata sasa zimo katika Mkoa wa Ethiopia ya Kati.

Majina nayo. Mwethiopia hana jina la ukoo. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa mpangilio huo. Fomu yetu inadai "jina la ukoo", basi ofisa mmoja anajaza la babu, mwingine la baba, na karani wa mahakama anafupisha kuwa mawili kwenye hati ya mashtaka. Kwa kuwa majina yenyewe yanatoka kwenye herufi nyingine kabisa, kila anayeandika anaandika anavyosikia. Tumeshika mafaili ambayo mtu mmoja ana maandishi matatu tofauti: la polisi, la mahakama na la gereza. Ubalozi ukituma hati kwa jina la nne, gereza linasema huyo hatunaye. Dawa yake haina gharama: siku ya kwanza apewe kalamu aandike mwenyewe majina yake matatu kwa herufi za kwao, karatasi ipigwe picha, na picha hiyo iambatane na faili kila linapokwenda.

Kosa linalotutisha zaidi liko kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13, mwaka wao unaanza Septemba, na uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Kijana akiulizwa alizaliwa lini anajibu kwa kalenda yake. Akisema tarehe 5 mwezi wa tatu mwaka 2002, ofisa anaandika 5 Machi 2002 na kumhesabu mtu mzima wa zaidi ya miaka 20. Kwa kalenda yetu huyo amezaliwa tarehe 14 Novemba 2009, na hatimizi miaka 18 hadi Novemba 2027. Amefungwa na watu wazima mtoto ambaye Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka akabidhiwe ustawi wa jamii, na hakuna aliyekusudia kumwonea. Amefungwa na kalenda. Kila chumba cha mahojiano kibandikwe jedwali la kubadili miaka, na fomu iwe na nafasi mbili: tarehe kama alivyoitaja, na tarehe iliyobadilishwa. Kinyume chake, saa wanahesabu kama sisi. Saa moja asubuhi kwao ni saa moja asubuhi kwetu. Mkalimani akisema walipakiwa saa nne usiku, basi ni saa nne usiku hii hii tunayoijua. Balaa linaanza mpelelezi anapoyahamishia maelezo kwenye Kiingereza na kuandika 04:00, na wakili wa dereva anapoisoma mahakamani, kesi inayumba.

Tumefika mahakamani, na hapa tunasema na Mkurugenzi wa Mashtaka. Watu 25 au 30 wanasimamishwa kwa pamoja. Mkalimani ni wa Kiamhari, wakati nusu ya kundi wanazungumza Kihadiya au Kikembata na Kiamhari chao ni cha kuokoteza. Pengine mkalimani mwenyewe ni mshtakiwa mwenzao aliyejifunza Kiswahili kidogo gerezani safari iliyopita. Shtaka linasomwa, wote wanaitikia, hukumu inatoka kabla ya saa sita. Kiwango cha kukiri kosa kimejulikana tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kila kiini cha kosa kielezwe, maelezo ya kesi yasomwe, aulizwe kama anayakubali, na majibu yake yaandikwe. Yafanyeni hayo kwa mtu mmoja mmoja katika kundi la 30 na mtaona kwamba asubuhi moja haitoshi. Kesi za namna hii zikikatiwa rufaa, nyingi zina nyufa, ila hazikatiwi rufaa kwa sababu hakuna wa kuzikata.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba kwa kuwafanya washtakiwa tunajinyima mashahidi. Aliyewapakia, aliyewalaza nyumba ya Chanika au Bagamoyo, namba za simu alizotumia, njia fedha zilizopita: wanaoyajua hayo ni wao. Waethiopia humwita mtu huyo delala, neno letu lilelile la dalali, na kazi yake ni ileile ya kukaa katikati na kuchukua chake kwa pande zote. Sheria imemwekea dalali na msafirishaji adhabu nzito, faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20. Lakini anayekamatwa ni dereva na utingo, na shahidi dhidi ya mwenye mtandao tumeshamhukumu sisi wenyewe siku ya pili. Mtu aliyekwisha fungwa hana sababu ya kumtaja anayeweza kuifikia familia yake kijijini.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu maelezo ya maandishi ya shahidi aliye nje ya nchi ambaye ni vigumu kumleta, mradi yamechukuliwa inavyotakiwa na upande wa pili umepewa notisi. Kwa hiyo si lazima kumweka mtu gereza la Keko, Dar es Salaam, au la Ruanda, Mbeya, ndiyo ushahidi wake upatikane. Chagueni wanne au watano wenye kumbukumbu nzuri katika kundi, chukueni maelezo yao kwa mkalimani aliyeapishwa, kila ukurasa utiwe saini na mtoa maelezo na mkalimani, watambulishwe picha za watuhumiwa kwa utaratibu wa gwaride, kisha warudi kwao. Mkiona mahakama itataka kuwasikia, iko njia ya video. Pale ambapo saini ya mkalimani imesahaulika, maelezo yote huanguka. Tumeshaona yakianguka.

Tanzania iliridhia mwaka 2006 Itifaki ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Usafirishaji wa Magendo wa Wahamiaji. Ibara ya 5 inasema anayesafirishwa asishtakiwe kwa sababu tu amesafirishwa, na ibara ya 18 inaitaka nchi yake imtambue na kumpokea bila kuchelewa. Hatuwaombi jambo ambalo serikali haijalitia saini.

Tunajua jibu linalokuja: tukiacha kuwafunga, tutakuwa tumewafungulia mlango. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini tutazame kama kifungo kinatisha. Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa Chitego, wilayani Kongwa, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, lilifunguliwa kontena lenye watu 78. 64 walikuwa maiti. Oktoba 2022 lilifukuliwa kaburi la pamoja Mzimba, Malawi. Desemba mwaka huohuo miili 27 ilitupwa Ngwerere, pembeni ya Lusaka. Kifo hakikuwazuia waliofuata. Kifungo cha miezi 12 katika nchi ambayo jina lake wengine hulijulia polisi hakitawazuia.

Na hewa yenyewe tuieleze, kwa kuwa askari wa mizani ndiye mara nyingi wa kwanza kusimama karibu na mlango. Kontena la futi 40 lina mita za ujazo 67 hivi. Mtu aliyekaa kimya hutoa kama lita 15 za hewa ya ukaa kwa saa. Mwenye hofu na joto hutoa zaidi. Watu 78 kwenye kontena lililofungwa vizuri huifikisha hewa hiyo karibu asilimia 4 ndani ya saa mbili, na zaidi ya 7 kwa saa nne. Kwenye 4 kichwa kinauma na pumzi zinakwenda mbio. Kupita 7 watu wanachanganyikiwa na kuanza kuanguka. Chalinze hadi Iringa ni zaidi ya saa nne kwa lori, bila kuhesabu foleni ya mizani. Kwa hiyo lori linalodaiwa ni tupu likionyesha tani tatu au nne za ziada pale Mikese au Wenda, lifunguliwe hapohapo, kabla ya kumtafuta mkuu wa kituo na kabla ya kuandika chochote. Watu 60 wenye kilo 60 kila mmoja ni tani 3.6. Mzani unawaona hata macho yasipowaona.

Turudi kwenye hoja ya kufungua mlango. Tunachopendekeza hakimwachii mtu apite. Alama za vidole na picha zichukuliwe siku ya kwanza na ziingizwe kwenye mfumo wa Uhamiaji, apewe PI, yaani hati ya kupigwa marufuku kuingia nchini, arudishwe kwao. Akikamatwa mara ya pili, ashtakiwe, na hapo hatutakuwa na neno. Anayekutwa na kosa jingine, kama pasipoti ya kughushi aliyoitengeneza mwenyewe au kuwapokea wenzake kwa malipo, naye ashtakiwe.

Kitu tusichokubaliana nacho kabisa ni njia ya mkato ya kuwapakia kwenye gari na kuwashusha Namanga au Holili. Kenya si kwao. Dalali yuko ng'ambo anasubiri, na kwa nauli ya pikipiki wanarudi usiku uleule, safari hii wakiwa na deni kubwa zaidi. Kwenye takwimu wanahesabiwa wamefukuzwa; kesho yake wanahesabiwa tena wamekamatwa.

Utaratibu wenyewe tunauona hivi. Saa 48 za kwanza ni za maji, daktari na kutenganisha watoto na watu wazima. Siku hizohizo kila mtu aulizwe peke yake, mbali na kundi, swali moja linalosahaulika: kitakupata nini ukirudi? Si wote wanaokimbia umaskini. Vita vya Tigray vilipiganwa kuanzia Novemba 2020 hadi Novemba 2022, na mwenye hofu ya kweli jibu lake liende kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, wala jina lake lisipelekwe ubalozini kabla ya hapo. Kuanzia siku ya tatu fomu ya ubalozi ijazwe yote hadi kebele, na itumwe kwa barua moja ya kundi zima badala ya barua moja moja kutoka kila gereza. Wakati ubalozi unatafuta, mashahidi wanatoa maelezo. Hati zikitoka, tiketi ziwe tayari, kwa sababu hati ya dharura ina ukomo. Ikiisha muda mtu akingali mahabusu, mnaanza upya na ubalozi unachoka nanyi.

Fedha za tiketi zimekuwa zikitegemea sana Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na IOM nalo linategemea wafadhili. Mfuko wao ukikauka, gereza linajaa. Chanzo cha ndani kipo. Sheria ya Mazao ya Uhalifu, Sura ya 256, inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kilichotumika kwenye kosa baada ya hukumu, na lori moja na tela lake likipigwa mnada linaweza kulipia tiketi za makundi kadhaa. Mkurugenzi wa Mashtaka aombe amri hiyo katika kila kesi ya msafirishaji, na Hazina ikubali fedha hizo zitengwe. Tahadhari ni moja: mara nyingine mwenye lori hajui dereva alichopakia njiani, na sheria inampa nafasi ya kusikilizwa. Apewe. Ila mwenye lori ambaye gari lake limekamatwa mara ya pili na dereva mwingine, maelezo yake yasikilizwe kwa sikio la pili.

Tunaomba mambo matatu ambayo hayahitaji Bunge. Waraka wa Mkurugenzi wa Mashtaka kwa mawakili wa serikali wa mikoa ya njia hii, kwamba msafiri wa mara ya kwanza asishtakiwe bila kibali cha ofisi yake. Fomu mpya ya mahojiano ya Uhamiaji yenye majina matatu, tarehe mbili na kebele. Na orodha ya Magereza, gereza kwa gereza, ya waliokwisha maliza vifungo na bado wamo ndani, ikionyesha kila mmoja amekwama kwenye nini: utambuzi, hati au tiketi. Orodha hiyo ianze na magereza ya Mbeya na Songwe, ambako njia yao inaishia kwetu.

Sampuli ya fomu, pamoja na jedwali la kubadili tarehe, tumeshaiandaa kwa Kiswahili na Kiamhari, ukurasa mmoja mbele na nyuma. Tutaileta kaunta ya masjala ya Wizara, Dodoma, pamoja na nakala iliyotiwa saini ya barua hii.

Wenu,
Mawakili, wakalimani na maofisa ustawi tunaoshughulikia kesi za wahamiaji katika njia ya Tanga hadi Tunduma

Nakala: Jaji Kiongozi, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, Ubalozi wa Ethiopia, Dar es Salaam.